KUPAMBA NYUMBA KWA FEDHA KIDOGO

Nimeombwa niandike somo lenye faida kwa sehemu hii ya Kiswahili. Ningaliweza kuandika juu ya mambo ya vitabuni, lakini hayo mnayo tayari. Nimeona afadhali niwaeleze kazi niliyoifanya kwa mikono yangu likizo iliyopita, nyumbani kwetu Nyamirambo, hapa Kigali: namna ya kuipamba nyumba kwa fedha kidogo, tena bila kuiharibu nchi. Tafadhali msiseme kuwa haya ni mambo ya wasichana. Kila mmoja wetu atakuwa na nyumba siku moja, na asiyejua kuitunza atamlipa mwingine amtunzie.

Jinsi jambo lilivyoanza

Baba yetu alifariki nilipokuwa mtoto, na mama huuza mboga sokoni. Siku ya pili ya likizo mama alitwambia kwamba wazee wa kijana anayemtaka dada yangu wangekuja kwa *gufata irembo*, yaani "kushika lango". Kwa desturi ya Rwanda hiyo ndiyo ziara ya kwanza ya wazee, kabla ya siku kubwa ya kuposa. Wageni walikuwa wanane, na siku zilizobaki zilikuwa kumi na nane.

Baba mdogo akaja kuitazama nyumba. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi ya udongo, yale tunayoyaita *rukarakara*, na juu ni mabati. Chumba cha wageni kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita, nayo ilikuwa ikibanduka kama ganda la ndizi. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema, "Shemeji, hapa hatuwezi kupokea watu. Tukodi hema, tukodi viti vyenye vitambaa, mazulia, na maua ya plastiki. Fedha zitafutwe popote."

Mama hakujibu. Alilitazama sanduku lake lililo chini ya kitanda. Sisi sote tulijua kilichokuwamo: karo yangu ya muhula huu.

Basi nikasema, "Baba mdogo, naomba siku kumi na nne na faranga 30,000. Nikishindwa, mfanye kama mlivyokusudia." Baba mdogo akacheka sana, akaniuliza tangu lini mtoto wa vitabu amekuwa fundi. Lakini mama akasema, "Mwache ajaribu." Nikaanza kazi jioni ile ile.

1. Kutoa kabla ya kutia

Watu wengi wakitaka kupamba nyumba, kwanza huenda dukani. Mimi nawashauri mwanze na mlango wa nyuma. Nilimwomba dada tutoe nje kila kitu kilichokuwa chumbani, hata misumari ya ukutani. Tulipovitandaza uani tulishangaa. Palikuwa na kalenda tatu za miaka iliyokwisha, redio mbili zilizokufa, viti viwili vilivyovunjika miguu, na maua ya plastiki yaliyogeuka kijivu kwa vumbi.

Kisha tukafagia, tukaosha sakafu, na tukasafisha vioo vya dirisha ndani na nje. Kabati ya vyombo ilikuwa imesimama mbele ya nusu ya dirisha, nasi tukaihamishia ukuta wa pili. Mara chumba kikaonekana kikubwa zaidi, na hatujatumia hata faranga moja. Mwanga wa jua ni pambo la kwanza la nyumba, nao hauuzwi.

Vitu vilivyorudi ndani vilikuwa nusu tu. Kanuni yetu ilikuwa hii: kitu kirudi kama kinatumika, au kama kinapendeza, au kama kina kumbukumbu. Chombo cha mti cha maziwa, *icyansi*, alichoacha marehemu baba, kilirudi mbele ya vyote. Siku zote kilikuwa kimefichwa nyuma ya redio.

2. Maswali matatu

Kabla ya kununua kitu chochote, kiulize maswali matatu. Umetoka wapi? Utakaa muda gani? Utakwenda wapi ukifa?

Swali la tatu ndilo tunalolisahau. Hapa Kigali taka zetu hupelekwa Nduba, katika wilaya ya Gasabo, tangu mwaka 2012. Ua la plastiki hupendeza kwa msimu mmoja au miwili, kisha hukaa kilimani miaka isiyohesabika, kwa maana plastiki haiozi kama jani. Nchi yetu ililifahamu jambo hilo mapema. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na kwa sheria ya mwaka 2019 vikaongezwa vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Lakini sheria haiingii chumbani kwako kukuchagulia mapambo. Hapo utachagua mwenyewe.

Mkeka wa mafunjo ukichakaa, waweza kuufukia shambani ukawa mbolea. Kibao cha udongo kikivunjika, kinarudi kuwa udongo. Vitu vya namna hii ni rahisi mara mbili: hununuliwa kwa bei ndogo, na havimwachii mtu mwingine deni.

3. Ukuta

Ukuta wa udongo hupumua. Maji ya ardhini na unyevu wa masika hupanda ndani yake, kisha hutoka taratibu. Ukiupaka rangi ya mafuta, unaufunga kinywa, na ule unyevu huisukuma rangi mpaka ibanduke. Hiyo ndiyo sababu ya ukuta wetu kuwa mbovu, wala haikuwa uzee wake. Dawa yake ni chokaa, maana chokaa huuruhusu ukuta kupumua.

Kwanza tuliikwangua rangi yote ya zamani. Katika kazi hii angalieni sana: rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Lowesha ukuta kwanza ili vumbi lisiruke, jifunge kitambaa puani, uwaondoe watoto, kisha uyazoe mabaki yote. Tulipokwisha kukwangua tuliziba mashimo kwa udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi fupi.

Halafu nikapaka chokaa, nami nikakosea. Kwa haraka yangu niliikoroga nzito kama uji, nikaipaka juu ya ukuta mkavu. Asubuhi ilikuwa imepasuka, na nilipoigusa ikaanguka kama unga. Baba mdogo alipita siku ile, akatazama, akaenda zake bila kusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko matusi. Mama akaenda kulitazama sanduku lake tena.

Nikauliza kwa mzee mmoja jirani aliyekuwa mwashi. Akanicheka kidogo, akanifundisha. Ukuta mkavu huyanywa maji ya chokaa kabla chokaa haijashika. Yakupasa uuloweshe ukuta kwanza, kisha ukoroge chokaa iliyozimwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Paka mkono mmoja mwembamba, uache siku moja, upake wa pili, uache, upake wa tatu. Ikiwa mbichi utadhani hujapaka kitu, lakini kadiri inavyokauka ndivyo inavyozidi kuwa nyeupe. Tena linda macho na ngozi, maana chokaa huunguza.

Nilikwangua yote, nikaanza upya. Siku ya nne ukuta ulikuwa mweupe kama yai.

Na hapa nataka kuwakumbusha kuwa maarifa haya si mageni kwetu wa Afrika. Katika miji ya kale ya Waswahili, kama Lamu na Zanzibar, mafundi walichoma matumbawe ya baharini wakapata chokaa, wakatengeneza ndani ya kuta zidaka za kuwekea vyombo vya thamani. Huko Tiébélé, katika nchi ya Burkina Faso, wanawake wa Kassena hupamba kuta za udongo kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na mwaka 2024 makao ya kifalme ya mji huo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hao wote walipamba kwa kile walichokikuta karibu nao.

4. Imigongo

Nasi Wanyarwanda tumekuta nini karibu? Tumekuta ng'ombe! Pambo kubwa la chumba chetu nililitengeneza kwa mavi ya ng'ombe. Wenzangu mnaotoka nchi nyingine, msicheke kabla hamjasoma mpaka mwisho.

Sanaa hiyo huitwa *imigongo*. Neno hili ni ndugu wa neno la Kiswahili "migongo", kwa sababu michoro yake imeinuka kama migongo ya vilima. Asili yake ni Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda. Yasimuliwa kwamba aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa Kimenyi, mtawala wa Gisaka, ambaye alipenda kupamba kuta za ndani ya nyumba yake. Baadaye kazi ikawa ya wanawake, mama akimfundisha binti. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 sanaa hii ilikaribia kupotea, na wanawake wa upande wa Nyarubuye, wengine wao wajane, ndio walioishika tena. Leo mtu akipita njia ya Rusumo ataona vibao vyao vikiuzwa pale Nyakarambi, wilayani Kirehe.

Nilikuwa nimewahi kuiona kazi hiyo huko, nami nikaifuata hivi. Nilikwenda Mageragere kwa mfugaji nikapewa ndoo ya mavi mabichi ya ndama, bure. Mavi ya ndama ni laini, hayana nyasi nyingi. Nikayachanganya na majivu, ambayo huondoa harufu na kufukuza wadudu. Seremala wa mtaani alinipa mbao mbili alizokuwa akitaka kuzifanya kuni, nikaziunga zikawa kibao kimoja. Nikachora kwa makaa mistari ya pembe pembe, kisha nikajenga migongo juu ya mistari ile kwa vidole.

Baada ya hapo kibao hukaushwa siku kadhaa, husuguliwa kwa msasa mpaka kiwe laini, ndipo hutiwa rangi. Rangi za asili ni tatu. Nyeupe ni udongo mweupe tunaouita *ingwa*. Nyekundu ni udongo mwekundu. Nyeusi hufanywa kwa majivu ya maganda ya ndizi pamoja na utomvu wa mshubiri. Siku hizi wengine hutumia rangi za dukani, lakini mimi sikuwa na fedha za dukani.

Naungama kosa langu la pili: nilikianika juani ili kikauke upesi, nacho kikapata ufa mmoja mrefu pembeni. Kikaushwe kivulini. Ufa ule niliuziba kwa kadiri nilivyoweza, nikautia rangi nyeusi nikitumaini hautaonekana.

5. Viti, mikeka na taa

Viti viwili vilivyovunjika nilivitia miguu mipya kwa mti wa kitanda cha zamani. Mafundi cherehani wa Biryogo walimpa dada vipande vya vitenge wanavyovitupa kila siku, akavishona pamoja vikawa foronya za mito. Uzuri wake ulitokana na jambo moja: alichagua vipande vyenye rangi nyekundu na nyeusi tu, ili vipatane na kibao. Rangi zikiwa nyingi mno chumbani, hugombana.

Mikeka miwili ya mafunjo niliinunua sokoni. Mtu aweza kuuliza mbona sikwenda bondeni kukata mafunjo mwenyewe. Mabonde yenye maji ni mapafu na chujio la mji huu. Huyapokea maji ya mvua yanayoshuka kutoka vilimani, huyasafisha, na huzuia mafuriko. Serikali imetumia fedha nyingi kurudisha uhai wa bonde la Nyandungu, lililofunguliwa kuwa bustani ya watu wote mwaka 2022. Kila kijana akienda na panga lake, kazi hiyo itakuwa bure. Afadhali kununua kwa msusi ambaye hiyo ndiyo riziki yake, nawe uununue mkeka mmoja mzuri utakaodumu.

Taa yetu ilikuwa ile ya zamani ya wati 60. Nilinunua taa mpya ya LED ya wati 9, inayotoa mwanga kama ule ule. Faida yake mama ataiona kila anaponunua umeme.

Mwisho tukaja langoni, kwa maana wageni wanakuja "kushika lango", na lango ndilo wanaloliona kwanza. Tukafagia, tukapanda maua ya kawaida ndani ya makopo yaliyokwisha kazi, tukayapanga mawili mawili kuelekea mlangoni. Ndani tuliviweka viti kando ya kuta ili njia iwe wazi, na kibao cha *imigongo* kikatundikwa mkabala na mlango. Mtu akiingia macho yake yapate mahali pamoja pa kutua.

6. Hesabu

Fedha zote nilizotumia ni hizi:

Chokaa — faranga 7,000
Brashi na msasa — faranga 3,500
Mikeka miwili — faranga 9,000
Kitambaa cheupe cha pazia — faranga 6,000
Taa — faranga 2,500
Jumla — faranga 28,000

Faranga 2,000 zilizobaki nilimrudishia mama. Lakini nisiwadanganye: katika hesabu hii sikuandika siku kumi na nne za jasho, za kwangu na za dada. Mtu asiye na fedha hulipa kwa muda wake, na asiye na vyote viwili aanze na ufagio.

7. Siku ya wageni

Walikuja saa nane mchana, na mvua ikaja pamoja nao. Hema lingalilowa! Wakaketi ndani, wakanywa, wakazungumza mambo yao kwa mafumbo kama ilivyo desturi. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, alijinyoosha kitini kana kwamba nyumba ile aliijenga yeye. Nami nilifurahi kumwona hivyo.

Mzee mmoja wa upande wao hakusema mengi. Mazungumzo yalipokwisha aliinuka, akakiendea kibao, akapitisha kidole juu ya migongo, akakifikisha penye ufa. Moyo wangu ukadunda. Akauliza, "Nani kafanya hiki?"

Mama akajibu, "Ni huyu mwanangu."

Mzee akanitazama, akasema, "Majivu hayakutosha, tena uliona haraka. Mama yangu alikuwa akifanya kazi hii kwetu Kirehe. Njoo nikwambie alivyokuwa akipima." Tukasimama pale ukutani, yeye na mimi, mpaka mvua ikakatika, akinieleza habari za mama yake.

Dada amekubaliwa, na siku kubwa imepangwa. Karo yangu ililipwa, na ndiyo maana nayaandika haya nikiwa darasani. Dada aliomba akiolewa akichukue kibao kile kwake. Mama akakataa kabisa, akaniambia nimtengenezee dada kingine, kisicho na ufa. Basi likizo ijayo nina kazi.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, toa kabla ya kutia. Pili, kila kitu kiulize kimetoka wapi, kitakaa muda gani, na kitakwenda wapi. Tatu, ujue tabia ya ukuta wako kabla hujaupaka. Nne, chagua rangi chache na pambo moja kubwa. Tano, usione haya kumwuliza anayejua, hata akikucheka. Mimi nilichekwa mara tatu katika kazi moja, na mara mbili kati ya hizo nilipata elimu.

Waswahili husema mtu hujikuna ajipatapo. Wengi hudhani methali hiyo ni ya kutukatisha tamaa. Mimi naona inatuambia tutazame kwanza mkono wetu unafika wapi. Wa kwetu ulifika Mageragere, Biryogo na kwa seremala wa mtaani, nao ulitosha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita